Maswali na Majibu: Kuchagua Vikanyagio Vipya vya Pikipiki ya Theluji

Barua tunazozijibu katika toleo hili zinahusu vikanyagio, yaani yale mabati mawili yaliyopo kushoto na kulia kwa kiti, ambayo dereva huwekea miguu anapoketi na husimama juu yake anapopanda mlima. Tumeanza na barua iliyo na mengi ya kujibiwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha pikipiki ya theluji ya milimani yenye mkanda (ule unaozunguka chini ya mashine na kuisukuma) wa inchi 154. Kila ninapopumzika kisha nikaondoka tena, vikanyagio huwa vimejaa barafu na buti zangu huteleza, hasa ninapokata mteremko kwa ubavu. Muuzaji wa vipuri ananishauri nivitoe vya kiwandani na kufunga vile vyenye matundu makubwa kuliko vyote alivyonavyo. Je, ukubwa wa matundu ndio kigezo cha kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, ukubwa wa matundu una umuhimu wake, lakini kwa maoni yangu haustahili nafasi ya kwanza, wala ya pili. Ili uone sababu, inafaa kwanza tueleze barafu hiyo inatoka wapi.

Theluji haigandi juu ya kikanyagio kwa sababu ya baridi peke yake. Pikipiki nyingi za milimani hupoozwa kwa maji yanayopita katika rejeta zilizofungwa ndani ya boksi la mkanda, yaani lile bati refu linaloufunika mkanda kutoka kwenye injini hadi kwenye bampa ya nyuma. Mkanda unapozunguka huzirushia rejeta hizo theluji, na theluji ndiyo inayochukua joto la injini. Kwa kuwa alumini hupitisha joto kwa urahisi, sehemu ya joto hilo hufika kwenye kikanyagio kilichoungana na boksi na kuyeyusha tabaka la chini la theluji iliyolala hapo. Unapozima injini, maji hayo hugeuka barafu na kushikamana na bati, na juu yake kuna theluji ambayo umekwisha kuikandamiza kwa uzito wako wote. Ndiyo maana tatizo lako huonekana baada ya mapumziko kuliko wakati wa mwendo.

Matundu husaidia kwa sababu theluji iliyokandamizwa hupata mahali pa kutokea kwa chini kabla haijaganda. Hata hivyo, kinachoamua zaidi ni upana wa bati linalobaki kati ya tundu na tundu. Kikanyagio chenye matundu makubwa yaliyotenganishwa na vipande vipana vya bati huendelea kushika theluji juu ya vipande hivyo, nayo theluji mbichi, ile nzito yenye maji, huweza kuunganika kutoka kipande kimoja hadi kingine na kuliziba tundu lenyewe. Kikanyagio chenye matundu ya wastani lakini chenye vipande vyembamba vilivyosimama wima huchujia vizuri zaidi. Kivue kikanyagio unachofikiria kununua kutoka kwenye karatasi yake, kishike dhidi ya mwanga, na ujiulize ni sehemu gani ya eneo lililo chini ya buti lako iliyo wazi kabisa. Kisha uangalie kama ncha au kisigino cha buti kinaweza kupenya tunduni. Kikipenya, kiache hapo hapo hata kama kimesifiwa vipi, kwa sababu mguu ulionaswa wakati mashine inapinduka ni hatari kuliko mguu uliokuwa ukiteleza.

Sasa nije kwenye kile ambacho mimi hukitanguliza, nacho ni ukingo wa nje. Kila tundu linalokatwa linaondoa bati lililokuwa likibeba mzigo, na mzigo huo hauendi popote isipokuwa kwenye ukingo wa nje na kwenye mstari ambapo kikanyagio kinaungana na boksi. Dereva anaporuka tuta na kutua amesimama, miguu yake hukandamiza karibu na ukingo wa nje, na nguvu hiyo hufanya kazi ya wenzo inayojaribu kuukunjua muungano wa ndani. Kwa hiyo kikanyagio kilicho wazi sana kinahitaji ukingo ulio bomba lililofungwa pande zote, na si bati lililopindwa mara moja tu. Bomba lililofungwa hukataa kujipinda na pia hukataa kujisokota, wakati bati lililopindwa hukataa la kwanza na kukubali la pili. Pembeni, angalia pia kama kuna nguzo fupi zinazouunga ukingo huo na boksi mbele na nyuma, na kama mwisho wa mbele unafungwa kwenye fremu ya mashine kwa bolti badala ya kuachwa ukining'inia.

Kigezo cha pili ni meno. Umesema unateleza unapokata mteremko kwa ubavu, na maelezo hayo ni ya thamani kubwa, kwa kuwa vikanyagio vingi vina meno yaliyopangwa kuzuia buti lisiteleze kwenda mbele na nyuma. Hilo humfaa anayepanda mlima moja kwa moja. Wewe unapolaza mashine kwa ubavu, buti linataka kuteleza kwa upande, ama kuelekea kwenye boksi ama kuelekea nje, na meno yaliyokatwa kuelekea upande mmoja tu hayatakusaidia hata yakiwa makali kama msumeno. Tafuta kikanyagio chenye meno yanayoelekea pande zote mbili, au chenye matundu ambayo mdomo wake wote umeinuliwa kwa duara. Nenda na buti zako mwenyewe dukani, zilowanishe nyayo, weka kikanyagio sakafuni na uusukume mguu kwa ubavu. Jaribio hilo la muda mfupi litakueleza mengi ambayo picha haziwezi kueleza. Tahadhari moja tu: meno yaliyochongoka mno huitafuna soli ya buti na, jambo lililo baya zaidi, hukata suruali na goti la dereva anayepiga goti moja juu ya kiti na kuteremka ghafla. Meno mafupi na mengi ni bora kuliko meno marefu na machache.

Upana nao unahusika moja kwa moja na uendeshaji wako. Mashine inapolazwa, kikanyagio cha upande wa juu wa mlima huzama thelujini na kuburuta, na kadiri kilivyo kipana ndivyo kinavyoivuta mashine isimame wima au ipoteze mwendo. Vikanyagio vizuri vya milimani huwa vipana mbele, ambapo dereva hulazimika mara nyingine kuweka miguu yote miwili upande mmoja au kupitisha mguu wa upande wa pili, kisha hupungua upana kuelekea nyuma. Uso wa chini nao uwe laini, bila ncha za bolti zinazoning'inia, kwa maana ncha hizo huburuta theluji na kuishika.

Kwa hiyo ukirudi kwa muuzaji wako, muulize kwanza kuhusu ukingo wa nje, kisha kuhusu mwelekeo wa meno, kisha kuhusu upana wa nyuma, na ndipo muongee kuhusu matundu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wenzangu wananiambia nichague vikanyagio vyepesi kuliko vyote kwa sababu kila gramu ni mzigo kwenye theluji ya unga. Wengine wanasema bomba la chuma ndilo lisilovunjika. Nimsikilize nani?

JIBU: Wote wana sehemu ya ukweli. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa takribani gramu 2.7, na ya chuma takribani gramu 7.85, yaani karibu mara 3. Lakini chuma nacho ni kigumu kujipinda karibu mara 3 kuliko alumini yenye umbo na unene uleule, na bomba jembamba la chuma aina ya 4130 linaweza kukaribiana kwa uzito na bati nene la alumini huku likibeba mzigo mkubwa zaidi. Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji huitaja mara chache. Chuma kikipakiwa mzigo mdogo kuliko kiwango fulani kinaweza kuvumilia kutikiswa kwa muda mrefu mno bila kuchoka, wakati alumini huchoka taratibu kwa kila mtikisiko hata mzigo ukiwa mdogo, mpaka siku ufa unapotokea, kwa kawaida kwenye pembe ya tundu.

Kama utachagua alumini, ulizia aina yake. Ile ya 5052 hukubali kukunjwa bila kupasuka na ndiyo inayofaa kwa bati lililopindwa. Ile ya 6061 iliyotiwa ugumu wa T6 ina nguvu zaidi, na hufaa kwa ukingo uliotengenezwa kwa kusukumwa kupitia umbo maalumu, lakini ukiikunja kwa pembe kali hupasuka. Matundu yake yawe na pembe za mviringo, kwa kuwa ufa huanzia kwenye pembe kali.

Kuhusu gramu zenyewe, ninaomba tuwe waangalifu. Uzito unaotangazwa mara nyingi ni wa vikanyagio vitupu, bila nguzo, bolti wala ribiti, na haulinganishwi na uzito wa vile vya kiwandani utakavyoviondoa. Omba uzito wa seti nzima. Halafu kumbuka kwamba kikanyagio kilichojaa barafu kina uzito kuliko tofauti yoyote kati ya aina hizi mbili, na kwa hiyo kikanyagio kizito kidogo kinachojisafisha chenyewe kitakuwa chepesi zaidi ifikapo saa sita mchana kuliko kile kilichokuwa chepesi alfajiri.

SWALI: Nimepata vikanyagio vilivyotumika ambavyo mwenyewe anasema vinatoshea mashine yoyote yenye mkanda wa inchi 165. Yangu ni ya inchi 154. Je, nikate kipande cha nyuma?

JIBU: Usinunue mpaka upime. Urefu wa mkanda hupimwa kwa kuuzunguka wote, si kwa sehemu iliyo juu ya theluji. Kwa hiyo tofauti ya inchi 11 kati ya mikanda hiyo huongeza sehemu iliyolala chini kwa takribani nusu tu ya kiasi hicho. Boksi la mkanda nalo halifuati hesabu hiyo kila mara, kwa sababu viwanda huweza kutumia boksi moja kwa mikanda ya urefu tofauti, na wamiliki wengine hukata boksi zao. Zaidi ya urefu, kuna mahali pa bolti za mfumo wa springi zinazopita kwenye mbavu za boksi, kuna mpindo wa mbele unaopokea buti, na kuna mahali pa bampa ya nyuma. Kwa mfano, chapa ya pikipiki za theluji ya Ski-Doo ilipobadilisha muundo wa mashine zake kuingia kizazi cha nne katika matoleo ya mwaka 2017, au chapa nyingine, Polaris, ilipoleta muundo wa Pro-Ride kwenye mashine zake za milimani katika matoleo ya mwaka 2011, vipimo hivi vilibadilika pamoja na mashine, hata pale ambapo urefu wa mkanda ulibaki uleule. Maneno kwamba kikanyagio kinatoshea mashine yoyote hayana uzito. Ulizia aina ya mashine, mwaka wa toleo na urefu wa mkanda, vyote vitatu kwa pamoja. Kukata nyuma kunawezekana ikiwa mbele kunakubali, lakini ukingo uliokatwa lazima ufungwe upya, kwa maana bomba lililoachwa wazi hujaa theluji na maji, na maji yakiganda ndani yanaweza kulitanua na kulipasua.

SWALI: Nina keekee, grainda na mashine ya ribiti. Je, naweza kufunga vikanyagio vipya mwenyewe bila kwenda kwa fundi?

JIBU: Unaweza, mradi uwe mvumilivu na uelewe mahali hatari ilipo. Seti zilizopo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hukaa juu ya vikanyagio vya kiwandani na kufungwa kwa bolti; hii haihitaji zaidi ya saa chache, lakini matundu ya chini hubaki yaleyale, hivyo hukupa meno bila kukupa njia ya theluji kutokea. Namna ya pili hudai vikanyagio vya zamani vikatwe kabisa kutoka kwenye boksi, na ukishakata hakuna kurudi nyuma. Soma maelekezo ya seti yako mara mbili kabla ya kushika grainda.

Hatari kubwa ni rejeta. Katika mashine nyingi rejeta hupita kwenye pembe ileile ambapo kikanyagio kinaungana na boksi, na ncha ya keekee iliyozama kupita kiasi huitoboa bila wewe kujua mpaka maji ya injini yaanze kuvuja. Ondoa kiti, inua sehemu ya nyuma ya mashine kwa stendi imara, toa mkanda pamoja na mfumo wake wa springi, na ulikague boksi kwa ndani kwa tochi kabla hujatoboa chochote. Weka alama kwa kalamu mahali rejeta inapoanzia na inapoishia, kisha valisha ncha ya keekee mkanda wa plasta au kizuizi ili isizame zaidi ya unene wa bati. Tangi la mafuta likiwa karibu na mahali pa kukata, liondoe pia, kwa sababu grainda hutoa cheche na moto. Chomoa betri ikiwa mashine yako inayo, na uzisogeze nyaya zote.

Ribiti nazo zinahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyozipa. Zinazotumika sana hapa zina kipenyo cha inchi 3/16, yaani takribani milimita 4.8, na tundu lake liwe kubwa kidogo tu kuliko hapo. Chagua zile za kubeba mzigo, ambazo msumari wake wa katikati hubaki umekazwa ndani, wala si zile za kawaida za kufungia mabati mepesi. Urefu wake ulingane na jumla ya unene wa mabati yote unayoyaunganisha. Ikiwa tundu la zamani limetanuka, usilijaze kwa ribiti ileile ukitumaini itakaza. Lipanue hadi ukubwa unaofuata na utumie ribiti ya inchi 1/4. Bati la alumini lifungwe kwa ribiti za alumini kila inapowezekana, kwa kuwa alumini ikigusana na chuma katika unyevu huliwa taratibu, na unyevu haukosekani kwenye kikanyagio. Pale unapolazimika kutumia bolti za chuma au kufunga bomba la chuma, paka rangi au sila kati ya metali hizo mbili.

Usipige ribiti zote za upande mmoja kwa mfululizo. Shikilia kikanyagio kwanza kwa vibano, piga ribiti moja mbele, moja nyuma na moja katikati, pima kama kiko sawa na cha upande wa pili, ndipo uzijaze nyingine. Katika baadhi ya mashine za kisasa boksi limeunganishwa kwa gundi pamoja na ribiti. Usiliweke karibu na moto wa kuchomelea, maana gundi huharibika. Aidha, mashine ikiwa bado ina dhamana ya kiwanda, uliza kwa maandishi kama kukata boksi kutaathiri dhamana hiyo, kabla ya kukata na si baada yake.

SWALI: Mimi sipandi milima. Ninafuata njia zilizosawazishwa na mara nyingine huvuta sleji ya mizigo. Je, nami nahitaji vikanyagio vya matundu makubwa?

JIBU: Hapana. Kwenye njia ngumu mkanda hurusha vumbi la theluji na vipande vya barafu, na vikanyagio vilivyo wazi sana huvipitisha vikapanda hadi kwenye buti na suruali yako, ukasafiri siku nzima ukiwa umelowa. Wewe huendesha ukiwa umeketi, miguu imelala kwenye mifuko yake ya mbele, na kinachokufaa ni vipande vya meno vya kufunga kwa bolti juu ya vikanyagio ulivyonavyo, pamoja na nguzo za kuimarisha ukingo ikiwa hupakia mizigo mizito nyuma.

SWALI: Kikanyagio changu cha kulia kiligonga kisiki kilichofunikwa na theluji na kujipinda kwenda juu. Je, nikinyooshe, nikichomelee, au ninunue kipya?

JIBU: Anza kwa kukisafisha hadi bati libaki tupu, kisha ukague pembe za matundu na mstari wa ribiti kwa tochi. Ukiona ufa wowote, au ribiti zilizolegea na kuzungukwa na unga wa kijivu, jua kwamba muungano umekuwa ukicheza, nawe hupaswi kupoteza muda kukinyoosha. Ikiwa hakuna ufa na mpindo ni wa taratibu, unaweza kukirudisha kwa kukikandamiza polepole kati ya vipande viwili vya mbao, mara moja tu. Alumini iliyopindwa, ikanyooshwa, kisha ikapindwa tena mahali palepale, hupasuka.

Kuchomelea sikupendekezi kwa kikanyagio kinachobeba uzito wa mtu. Alumini ya 6061-T6 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake katika eneo lililopata joto, hata kama weldi yenyewe inapendeza machoni, na ufa wa pili hutokea kando tu ya ule wa kwanza. Nunua kipya, na ikiwa watengenezaji huuza cha upande mmoja, nunua cha kulia peke yake baada ya kuhakikisha kwamba cha kushoto hakina ufa. Kabla ya kukifunga, weka rula ndefu kwenye ubavu wa boksi upande ule uliogonga. Kama boksi lenyewe limebonyea, kikanyagio kipya hakitakaa sawa na ribiti zake zitavutwa kwa upande kila unaposimama, kwa hiyo boksi linyooshwe kwanza.